Wa Kwanza kwa Sababu Yuko wa Kwanza

Ukifungua Twitch, jukwaa maarufu la kurusha gemu mubashara, ukachagua gemu unayoipenda, unaletewa safu za picha ndogo. Kila picha ina jina la mrushaji, kichwa cha kipindi chake, na namba kando ya nukta nyekundu: idadi ya watu wanaomtazama dakika hiyohiyo. Kwa miaka mingi safu hizo zilipangwa kwa kufuata namba hiyo peke yake, mwenye wengi juu, mwenye wachache chini. Shuka na kidole chako utapita wenye maelfu, kisha mamia, kisha makumi, hadi ufike kwa wale wenye mtazamaji mmoja au wasio na hata mmoja, ambao ndio wengi kuliko wote. Watu wameizoea orodha hii kiasi cha kuisoma kama matokeo ya mtihani, kwamba aliye juu ameshinda na aliye chini ameshindwa. Ninapinga usomaji huo. Orodha ya watazamaji inapima umaarufu, ni kweli, lakini papo hapo inautengeneza, na kazi hiyo ya pili ni kubwa kuliko tunavyokubali.

Kwanza tuziangalie namba zenyewe, kwa kuwa kila kipimo kina bingwa wake. Kipo kilele, yaani idadi kubwa zaidi ya watu waliowahi kuwapo kwa wakati mmoja. Kwa kipimo hiki hatajwi mtu kabla ya Ibai Llanos wa Hispania, aliyeanza kujulikana kwa kutangaza mechi za gemu ya League of Legends. Tarehe 1 Julai 2023 matangazo yake yalivuta watazamaji zaidi ya milioni 3.3 kwa pamoja, na mwaka uliofuata, kutoka uwanja wa Santiago Bernabéu, wakafika takriban milioni 3.8. Ila walichokuja kutazama mara zote mbili ni ndondi, mapambano ya watu mashuhuri wa mtandaoni, wala hakuna anayebaki na umati kama huo siku ya kawaida ya kazi. Kilele kinapima tukio. Halafu kuna wastani, na kuna jumla ya saa zilizotazamwa, ambazo hupatikana kwa kuzidisha wastani huo na saa alizokuwa hewani. Chukua warushaji wawili wa kufikirika: mmoja ana wastani wa watazamaji 1,000 lakini huingia hewani saa 10 tu kwa mwezi, mwingine ana 300 lakini hukaa saa 200. Kwa wastani, wa kwanza anamwacha mwenzake mbali. Kwa jumla ya saa, yule wa pili ana 60,000 na wa kwanza 10,000. Nani yuko juu ya mwenzake? Jibu linategemea anayeuliza anataka kuuza nini.

Vipo pia vipimo vya wanaolipia kila mwezi, na hivyo vinafundisha zaidi. Machi 2021 Mmarekani Ludwig Ahgren alianzisha matangazo ambayo kila malipo mapya yaliyaongezea sekunde kadhaa. Yalidumu siku 31. Alilala mbele ya kamera, kwenye kitanda chekundu chenye umbo la gari la mashindano, huku maelfu ya watu wakiendelea kumtazama na kulipia. Alimaliza akiwa na waliolipia zaidi ya 280,000, akaivunja rekodi ya Tyler Blevins, maarufu kwa jina la Ninja, ya zaidi ya 269,000. Simbezi Ludwig hata kidogo. Alivumilia jambo gumu mno. Lakini mtu aliyelala usingizi hachezi gemu wala hatoi maelezo, na namba haikujali. Kilichoisukuma ni kuwa namba yenyewe ilikuwa imegeuka kipindi, na watu walitaka kuwemo rekodi inapovunjwa.

Kwamba namba yenyewe huvuta watu, ushahidi ninaouona mzito kuliko wote haukutoka kwenye gemu. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio lililoshirikisha zaidi ya watu 14,000. Waliwapa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana wasikilize na kupakua walizozipenda. Baadhi hawakuona chochote zaidi ya majina ya nyimbo na bendi. Wengine waligawanywa katika makundi manane yaliyotenganishwa, na kila kundi likaonyeshwa wimbo upi umepakuliwa mara ngapi ndani ya kundi hilo. Pale namba zilipoonekana, pengo kati ya nyimbo zilizopendwa na zilizoachwa lilipanuka. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba makundi hayakukubaliana juu ya washindi: wimbo uliotamba huku ungeweza kubaki katikati kule, na bendi ni zilezile, sauti ni ilezile. Nyimbo bora kabisa hazikuanguka sana, na mbovu kabisa hazikupanda sana, lakini kati ya ncha hizo mbili karibu lolote liliwezekana.

Hamisha matokeo hayo kwenye urushaji wa gemu. Mtazamaji mgeni hana muda wa kuonja vipindi mia nne, kwa hiyo anabofya kilicho juu. Kubofya kwake kunaongeza namba, namba inakishikilia kipindi kilekile juu, na anayefuata anakutana nacho tena. Ndivyo abiria wanavyoikimbilia daladala iliyokaribia kujaa wakati nyuma yake kuna nyingine nzima yenye viti vitupu. Wana sababu zao, na hakuna aliyedanganywa. Hata hivyo, kujaa kwa gari la kwanza hakukuambii lolote kuhusu udereva.

Cheo kikishapatikana huleta faida nyingine, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki anaguswa moja kwa moja. Kwa kanuni ambazo Twitch ilizitumia kwa miaka mingi, mrushaji alihitaji wastani wa watazamaji 3 ili aanze kulipwa, na wastani wa 75 ili aweze kuomba ngazi ya juu ya ushirika. Wa ngazi hiyo ya juu walihakikishiwa kwamba picha yao ingetolewa katika viwango kadhaa vya ubora, mtazamaji achague kinacholingana na mtandao wake. Wa chini yao walipata huduma hiyo pale tu ilipokuwapo nafasi. Fanya hesabu: picha inayorushwa kwa kilobiti 6,000 kwa sekunde inakula takriban gigabaiti 2.7 kwa saa. Mtazamaji wa Mwanza au Kisumu anayetumia bando la simu anaweza kumtazama nyota wa Marekani kwa ubora mdogo bila kuumia, lakini akitaka kumtazama kijana wa mtaani kwake asiye na hadhi hiyo, huenda akalazimika kuimeza picha nzima au kuacha. Mwenye namba ndogo ananyimwa watazamaji kwa sababu namba yake ni ndogo.

Kwa kuwa nafasi ya juu ina thamani kiasi hicho, haishangazi kwamba inauzwa. Mwaka 2016 Twitch iliwashtaki wauzaji wa programu zinazozalisha watazamaji na wafuasi bandia. Aprili 2021 ilitangaza kuwa imebaini akaunti zaidi ya milioni 7.5 za udanganyifu wa aina hiyo. Udanganyifu huu unafanya kazi kwa sababu watu halisi huja kuufuata umati wa uongo.

Kuna watakaonijibu kwamba waliopo juu wana vipaji, na kwamba orodha bila juhudi haimwinui mtu. Nakubali nusu. Ninja alikuwa mchezaji hodari na mchangamfu, na Machi 2018 alipocheza Fortnite na mwanamuziki Drake alitazamwa na zaidi ya watu 600,000 kwa wakati mmoja. Lakini Agosti 2019 alihamia Mixer, jukwaa la Microsoft, akiacha Twitch wafuasi zaidi ya milioni 14. Kipaji kilikuwa kilekile, gemu ilikuwa ileile, ila huko hakufikisha hata theluthi ya wafuasi hao, na Mixer yenyewe ikafungwa Julai 2020. Sehemu kubwa ya namba yake ilikuwa mali ya mahali.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la kiutendaji: orodha lazima ipangwe kwa kitu fulani, na watangazaji wa biashara hawatoi fedha bila takwimu. Mbadala uliopo, mapendekezo yanayochaguliwa na mitambo ya kampuni, unafichwa usionekane, wakati namba ya watazamaji angalau kila mtu anaiona. Hoja hii ninaiheshimu. Sitaki namba ifutwe. Nataka isiwe ngazi pekee. Kampuni inayotafuta mrushaji wa kumdhamini isome wastani wa miezi kadhaa pamoja na saa alizokuwa hewani, iangalie kama mazungumzo ya watazamaji yanalingana na idadi inayodaiwa, na ikiona kilele kirefu cha siku moja iulize kilitokana na nini.

Nawe mtazamaji, kwenye ukurasa wa kila gemu kuna chaguo la kupanga upya orodha, likiwemo la kuanza na wenye watazamaji wachache. Ligeuze mara moja kwa wiki, ingia kwa mtu mwenye wawili au watatu, msalimie, umpe dakika kumi. Kwake aliyekwama kwenye wastani wa 2, utakuwa wa tatu.