Ungo wa Nyota Nne

Mama anayepepeta mchele hukaa akiupa upepo ubavu. Anaurusha ungo kidogo, mchele unarudi palepale, makapi yanapeperuka, na mtoto aliyekaa upande usiofaa anafikicha macho. Pepeta, upepo, pepo: katika Kiswahili maneno haya yanasikika kama ndugu wa tumbo moja. Wachina wa kale walifika hapohapo kwa macho, maana waliuona ungo mbinguni. Nyota nne za kundi tunaloliita Mshale waliziita Ji, yaani ungo wa kupepetea, na mwezi ulipopita hapo walitarajia upepo. Wasomi wa enzi ya Han wakasema nyota hizo ndizo Fengbo, mungu wa upepo mwenyewe. Kati ya sura zote alizopewa mungu huyu, hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu imetoka mikononi mwa watu wa kazi.

Na jina lake ni tamu. Feng ni upepo. Bo ni cheo cha utawala, lakini pia ndivyo Mchina anavyomwita kaka mkubwa wa baba yake. Basi Fengbo ni Baba Mkubwa Upepo: wa kuamkiwa kwa heshima, wa kupelekewa sadaka, wa kuogopwa akikasirika.

Hakuanza akiwa mtu. Kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe yaliyopigiwa ramli katika ufalme wa Shang, mnamo 1200 KK, upepo wa kila upande wa dunia una jina lake, na neno lenyewe "upepo" limeandikwa kwa picha ya ndege mwenye kishungi. Ulipozidi kuvuma, mbwa walitolewa sadaka ili utulie. Ndege huyo hakupotea upesi. Yi, mpiga upinde hodari wa hadithi, alimuua Dafeng, "Upepo Mkubwa", ambaye wafafanuzi wengi wanamwona kuwa ndege wa kutisha. Feilian naye, ambaye baadaye alihesabiwa kuwa Fengbo huyuhuyo, ana kichwa cha ndege chenye pembe, mwili wa paa, madoa ya chui na mkia wa nyoka. Karne zikapita, akawa mzee mwenye ndevu nyeupe na mfuko wa upepo; kwingine akawa bibi kizee, Feng Popo, aliyepanda chui milia mawinguni.

Kisa kikubwa cha Fengbo kimo katika Shan Hai Jing, Kitabu cha Milima na Bahari. Chiyou aliinua silaha dhidi ya Huangdi, Mfalme wa Manjano. Huangdi akamwagiza joka Yinglong akusanye maji. Chiyou akawaita Fengbo na Yushi, bwana wa mvua, wakaachia tufani. Ndipo Huangdi akamshusha Ba, binti wa mbinguni mwenye ukame mwilini. Mvua ikakatika, Chiyou akauawa.

Mkulima wa kaskazini mwa China aliyesikiliza kisa hiki alijua kwamba ushindi huo ulikuwa na bei. Ba hakuweza tena kupanda mbinguni. Akabaki duniani, na popote alipokaa, mvua haikunyesha.