Uzuri na Hatari za Maziwa ya Baringo

Soma taarifa ifuatayo kisha ujibu maswali.

Hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Methali hii inaafiki hali ya Kaunti ya Baringo, iliyo katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Maji yanayowavutia watalii huko ndiyo yayo hayo yanayoweza kuwadhuru, na ndiyo yaliyowapokonya baadhi ya wenyeji makao yao.

Mgeni anayezuru Ziwa Bogoria hulakiwa na mvuke. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa za ardhi, yakapashwa joto na miamba iliyo chini, kisha yakarudi juu yakichemka. Baadhi ya chemchemi hizo hurusha maji hewani. Wageni wengi huja na mayai ili wayachemshe hapo. Hata hivyo, wasisahau kwamba maji yanayoivisha yai huweza kuivisha mguu. Ni busara kusimama pale anapoelekeza kiongozi wa watalii.

Maji ya Bogoria yana magadi mengi, kwa hivyo samaki hawaishi humo. Mwani, kwa upande wake, hustawi, nao ndio chakula cha heroe, ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo. Mvua ikizidi, magadi huzimuliwa, mwani hupungua na ndege huhamia maziwa mengine. Mgeni asishangae basi akikuta ufuo mtupu ambao mwaka uliotangulia ulikuwa umejaa ndege. Mnamo mwaka 2011, ziwa hili pamoja na Nakuru na Elementaita yaliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia.

Kaskazini kidogo lipo Ziwa Baringo, ambalo maji yake hayana chumvi. Hapa burudani kuu ni kupanda mashua, kutazama ndege na kuzuru kisiwa cha Ol Kokwe. Wailchamus wamevua samaki ziwani humu tangu jadi. Kuogelea si jambo la kujaribu, kwani mamba na viboko ni wengi.

Katika miaka ya hivi karibuni maziwa haya yamefura. Mwaka 2020 hali ilikuwa mbaya sana: nyumba, shule, zahanati na hoteli zilimezwa na maji. Hata twiga walikwama kwenye kisiwa cha Longicharo kilichokuwa kikididimia. Ilibidi wavukishwe kwa chelezo cha chuma, kuanzia Desemba 2020 hadi Aprili 2021. Wanyama waliokolewa; lakini familia nyingi zilizohama zilibaki zikihitaji ardhi.

Swali la ardhi si geni huku. Waendorois waliondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili hifadhi ya wanyama ianzishwe. Mwaka 2010, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zilikiukwa. Ilipendekeza warudishiwe ardhi yao na wagawiwe mapato yatokanayo nayo. Utalii unaomfurahisha mgeni huku mwenyeji akiambulia patupu haufai kuitwa maendeleo.

Maswali

(a) Eleza jinsi maji ya chemchemi za Bogoria yanavyopata joto. (alama 3)
(b) Kwa nini heroe huhama Ziwa Bogoria mvua inapozidi? (alama 3)
(c) Taja hatari mbili zinazoweza kumkabili mtalii Baringo. (alama 2)
(d) Thibitisha ufaafu wa methali iliyotumiwa katika aya ya kwanza. (alama 4)
(e) Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumiwa katika taarifa: (alama 3)
(i) huzimuliwa
(ii) yamefura
(iii) akiambulia patupu