Unga wa biskuti: baridi ao ukavu?

Wengi wananiuliza: unga wa biskuti uliokandwa leo unaweza kungoja kuchomwa wiki ijayo? Ndiyo, kama kuko baridi ya kweli. Kwenye -18°C maji ya ndani inageuka barafu, na vijidudu vinakosa maji ya kutumia. Havifi, vinalala tu. Unga unaweza kukaa hata miezi 2.

Lakini hapa kwetu Kasongo na Kabambare, baridi inatoka kwa jenereta ao pano ya jua. Mafuta ikiisha usiku, barafu inayeyuka, vijidudu vinaamka, na mtaji wako wa mayai na margarini unaharibika. Kugandisha tena asubuhi hakutengenezi kilichooza.

Mimi wa agronomia ninashauri njia ambayo mama zetu wanaitumia kwa muhogo: ukavu. Changanya farini, sukari, chumvi na levire kavu, funga vizuri kwenye ndoo isiyoingiza unyevu. Mayai na mafuta vinangoja siku ya kuchoma. Nusu ya kazi imeisha, na jenereta ikizimika, haupotezi kitu.