Simu ya ofisi isiyopangwa vyema huleta hasara, na hata maafa

Na MWANDISHI WETU

TUCHUKULIE mfano wa duka la vipuri vya malori mjini Voi, kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa. Dereva aliyeharibikiwa na gari karibu na Maungu anapiga simu kuulizia kipuri. Simu inalia katika meza ya mapokezi, lakini karani ametoka kwenda benki. Inalia hadi inakatika.

Nyuma ya duka, ghalani, wamo wafanyakazi wawili, kila mmoja na simu yake mezani. Simu hizo zimenyamaza, kwa kuwa hakuna aliyeuagiza mtambo uzilize iwapo ile ya mapokezi haikuchukuliwa. Dereva anatafuta duka jingine. Mwenye mali halalamiki, kwani hajui kwamba amepoteza chochote.

Hasara ya namna hii haitokani na ubovu wa chombo. Mara nyingi fundi hufunga nyaya, huhakikisha kwamba kila simu inalia, hulipwa na kwenda zake. Kazi inayobaki ni ya mwenye biashara, nayo ni kuamua kila simu ifanye nini. Wengi hawaifanyi kwa sababu hudhani ni siri ya mafundi.

KISANDUKU NA LAINI ZAKE

Mtambo mdogo wa simu ni kisanduku kinachounganisha laini chache za nje na simu nyingi za ndani. Biashara yenye meza nane haihitaji laini nane za nje, kwa kuwa ni nadra watu wote wanane kuzungumza na watu wa nje kwa wakati mmoja. Laini mbili au tatu hutosha. Kila simu hupewa nambari ya ndani, aghalabu ya tarakimu tatu, na wafanyakazi huzungumza wao kwa wao bila malipo.

Zamani laini ya nje ilikuwa waya wa Shirika la Posta na Simu, lililogawanywa mwaka 1999 na kuzaa Telkom Kenya pamoja na Shirika la Posta. Siku hizi laini hiyo yaweza kuwa kadi ya simu ya mkononi iliyotiwa katika mtambo, ama njia ya intaneti, hasa baada ya nyaya za mawasiliano za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009.

Gharama nazo zimeshuka. Mwaka huo huo wa 1999, kijana Mmarekani aitwaye Mark Spencer, aliyeshindwa kumudu bei ya mtambo wa simu kwa ajili ya kampuni yake changa, aliandika programu ya kompyuta ya kufanya kazi hiyo na kuitoa bure. Programu hiyo, Asterisk, imekuwa msingi wa mitambo mingi midogo inayouzwa leo.

Ingawa vyombo vimebadilika, maswali ya kumuuliza mwenye biashara yamebaki yale yale. Je, simu ikiingia aitwe nani? Asipokuwapo, iende wapi? Na kila simu iruhusiwe kupiga wapi?

NANI AITWE

Swali la kwanza ndilo lililozaa mitambo ya kujiendesha yenyewe. Inasimuliwa kwamba Almon Strowger, mfanyabiashara wa huduma za mazishi katika jiji la Kansas City, Marekani, alishuku kuwa opareta wa simu alikuwa akizielekeza simu za wateja wake kwa mshindani. Akabuni chombo cha kuunganisha simu bila opareta, na akapata hataza yake mwaka 1891. Leo hakuna opareta wa kushukiwa. Mtambo hutii agizo, na usipoagizwa haufanyi lolote.

Simu kadhaa zaweza kuwekwa katika kikundi kimoja, zikalia zote kwa pamoja au moja baada ya nyingine. Kwa duka letu la vipuri, simu ingeweza kulia kwa karani kwa sekunde 15, kisha ikalia katika meza zote mbili za ghala, na hatimaye ikaenda kwenye simu ya mkononi ya meneja. Wenye haraka hawangoji, kwa hivyo zamu ya kwanza isiwe ndefu.

Aidha, kila simu ina namna tatu za kuhamisha wito, nazo hazifai kuchanganywa. Ya kwanza huhamisha kila simu inayoingia, awe mwenyewe yupo au hayupo. Ya pili huhamisha pale tu mwenyewe anapokuwa akizungumza. Ya tatu hungoja sekunde kadhaa, kisha huhamisha iwapo simu haijachukuliwa. Anayekwenda likizo huweka ile ya kwanza, na akirudi akasahau kuiondoa hukaa wiki nzima akishangaa mbona hapigiwi.

Ikumbukwe pia kwamba simu inapohamishwa hadi kwenye simu ya mkononi, safari hiyo ya pili hulipiwa na biashara, si na mteja. Ni gharama inayofaa kwa simu za wateja, lakini haifai kwa kila meza.

Usiku nao una mpango wake. Zahanati ikifungwa jioni, simu yaweza kupelekwa kwa mlinzi au kwa muuguzi wa zamu. Hoteli zinazowapokea watalii wa mbuga ya Tsavo Mashariki, na abiria wa treni ya Madaraka Express iliyoanza safari zake mwaka 2017, hazina saa ya kufunga. Kwa hizo, agizo la usiku lina uzito sawa na lile la mchana.

Kabla ya kumwita fundi kwa simu “iliyokufa”, itazamwe kwanza kama kitufe cha kuzuia usumbufu kimebonyezwa. Simu nyingi zinazodaiwa kuharibika zimenyamazishwa tu na mkono wa mtu.

NANI APIGE WAPI

Si kila simu inayopaswa kufika kila mahali. Mtambo huruhusu kila nambari ya ndani ipewe kiwango chake. Ya kwanza yaweza kupiga ndani peke yake, ya pili ikapiga nambari za humu nchini, na ya tatu ikafika ng’ambo. Simu ya ukumbini, ambayo yeyote apitaye anaweza kuishika, haina haja ya kufika ng’ambo.

Lakini kanuni isikatwe kibubusa. Kwa mfanyabiashara wa Taveta, Holili na Moshi ni jirani zake wa kila siku, ilhali kwa mtambo wa simu huko ni nchi nyingine yenye msimbo wa 255. Akifunga simu zote za ng’ambo atakuwa amejikata na wauzaji wake mwenyewe. Njia bora ni kufungua msimbo huo kwa meza zinazouhitaji na kuifunga mingine.

Kufunga huko ni kinga pia. Wapo wezi duniani wanaotafuta mitambo ambayo nambari yake ya siri bado ni ile ya kiwandani, kama vile 1234 au 0000. Huingia usiku kupitia intaneti au sanduku la ujumbe wa sauti, wakapiga simu za ghali hadi nchi za mbali, na bili ikamwangukia mwenye mtambo. Kwa hivyo nambari ya siri ya mtambo, na ya kila simu, ibadilishwe siku ile ile ya kufungwa. Ukurasa wa kuupanga mtambo nao usiachwe wazi kwa yeyote aliye katika intaneti.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mtambo una daftari lake, linaloonyesha kila simu iliyopigwa, iliyopokelewa na iliyopotea. Mwenye duka akilisoma kila wiki ataona ni wateja wangapi walikata tamaa, na saa ngapi. Ila akitaka kurekodi mazungumzo yenyewe, akumbuke Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo inamtaka amjulishe mtu kwamba habari zake zinakusanywa na kwa sababu gani.

NAMBARI ZA DHARURA

Hadi hapo tumesema habari za fedha. Lipo jambo zito zaidi.

Mnamo Desemba 2013, katika mji wa Marshall jimboni Texas, Marekani, mwanamke aitwaye Kari Hunt alishambuliwa na mumewe waliyetengana naye, ndani ya chumba cha hoteli. Bintiye wa miaka tisa alifanya alichofunzwa. Alipiga nambari ya dharura, 911, mara nne. Simu haikwenda, kwa sababu mtambo wa hoteli ulidai kwanza ubonyeze 9 ili upate laini ya nje, na mtoto hakujua. Mamake alifariki.

Kutokana na mkasa huo Marekani ilipitisha sheria mwaka 2018, inayojulikana kwa jina la marehemu. Tangu Februari 2020, mitambo mipya ya simu nchini humo hulazimika kuruhusu nambari ya dharura ipigwe moja kwa moja, bila tarakimu ya kutangulia.

Hapa Kenya nambari za dharura ni 999 na 112, na mtego wa aina hiyo unaweza kuwamo katika mtambo wowote uliopangwa bila uangalifu. Mtambo unaotumia 9 kutoka nje ukipokea 999 huweza kuichukua tarakimu ya kwanza kama ombi la laini, kisha ukapeleka 99 peke yake, nambari isiyofika popote.

Mtego wa pili umejificha katika hesabu. Nyumba ya wageni yenye vyumba 12 ikizipa simu zake nambari kuanzia 101, chumba cha mwisho kitakuwa 112. Mgeni anayeomba msaada wa polisi atakuwa anamwamsha mgeni mwenzake. Yafaa nambari za ndani zianzie 201 au 301.

Mtego wa tatu ni kufuli. Simu iliyonyimwa ruhusa ya kupiga nje huenda ikawa imenyimwa na nambari za dharura. Agizo liandikwe kwamba 999, 112 na nambari za bila malipo zinazoanza na 0800 ziko wazi kwa kila simu, saa zote.

Tena, anayepokea simu ya dharura huenda asijue inatoka jengo gani, hasa ikiwa imepita katika kadi ya simu ya mkononi au intaneti. Katika kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni mbuga za Tsavo, kusema “niko Voi” hakutoshi. Kando ya kila simu kibandikwe kikaratasi chenye jina la jengo, barabara, na nambari ya chumba.

Umeme nao usisahauliwe. Simu za waya wa zamani zilipata nguvu kutoka kwa kituo cha simu chenyewe, kwa hivyo ziliendelea kulia hata mji mzima ulipokuwa gizani. Simu zinazotumia intaneti hufa pamoja na taa. Mtambo, kifaa cha intaneti na walau simu moja ya mapokezi viwe na betri ya akiba.

ANZA NA KARATASI

Kazi ya kupanga haianzii kwenye vitufe. Chukua karatasi, uchore safu sita: nambari ya ndani, mahali ilipo, anayeitumia, anakoruhusiwa kupiga, simu iende wapi isipochukuliwa, na iende wapi usiku. Jaza mstari mmoja kwa kila simu. Meza ambayo huwezi kuijazia safu ya tano ndiyo itakayokupotezea wateja.

Baada ya hapo kuingiza maagizo ni kazi nyepesi. Katika mitambo ya zamani hufanywa kwa kubonyeza misimbo kwenye simu moja maalumu, na katika ile mipya kupitia ukurasa wa kompyuta. Badilisha jambo moja, lijaribu, kisha endelea na la pili. Ukijaribu nambari za dharura, mwarifu anayepokea papo hapo kwamba ni jaribio.

Nakala ya maagizo na nambari ya siri vihifadhiwe na mwenye biashara, si fundi pekee, maana fundi huhama. Watengenezaji nao huondoka sokoni. Panasonic ya Japani, ambayo mitambo yake midogo imefungwa katika ofisi nyingi, ilitangaza mwaka 2022 kwamba itaacha biashara hiyo.

Na yule asiye na mtambo, mwenye kibanda na simu moja ya mkononi? Naye ana mpango wake. Katika mfumo wa GSM, ukibonyeza **61* ukafuatisha nambari ya msaidizi wako, kisha **20# na kupiga, simu usiyoichukua kwa sekunde 20 huenda kwake, na gharama ya kuihamisha ni juu yako. Ili kuondoa agizo hilo bonyeza ##61#.

Karatasi hiyo ipitiwe upya kila mfanyakazi anapoajiriwa, anapohamishwa au anapoacha kazi. Ni shughuli ya nusu saa. Laiti mwenye duka letu angeitenga, yule dereva wa Maungu angejibiwa kutoka ghalani kabla ya kufikiria kutafuta kwingine.