Jinsi Madikteta Walivyopewa Utawala katika Ulaya (1922-1939)

Mara nyingi waseminari wanaosoma historia ya Ulaya hutuuliza swali hili: Mussolini na Hitler waliupataje utawala? Wengi hudhani waliunyang'anya kwa bunduki, kama mwizi avunjaye nyumba usiku. Sivyo. Wote wawili waliitwa na mkuu wa nchi, wakakabidhiwa serikali mchana kweupe. Tena siku ile walipoitwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa na nusu ya wajumbe katika bunge la nchi yake. Jambo hilo latuhusu sisi mapadri na makatekista zaidi ya watu wengine, maana katika Italia na katika Ujerumani mapadri walikuwamo shauri lilipokatwa.

Italia ilitoka katika vita ya 1914-1918 upande wa washindi, lakini askari walirudi wasione kazi, bei ya chakula ikapanda, wafanyakazi wakagoma. Matajiri waliogopa ukomunisti ulioshinda Urusi mwaka wa 1917, wakawasaidia kwa fedha vijana wa Mussolini wenye mashati meusi, ambao kazi yao ilikuwa kupiga watu na kuchoma nyumba za vyama. Mwezi wa Oktoba 1922 vijana hao wakaenda Roma kwa maandamano. Waziri mkuu Facta aliandika hati ili jeshi liwazuie. Mfalme Vittorio Emanuele III akakataa kutia sahihi. Basi Mussolini, mwenye wajumbe 35 katika bunge la watu 535, akapanda gari-moshi akaja kupokea serikali.

Wakatoliki walikuwa na chama chao chenye nguvu, Partito Popolare, kilichoanzishwa mwaka wa 1919 na padri Luigi Sturzo wa Sisilia. Wajumbe wengine wa chama hicho waliingia katika serikali mpya, wakitumaini kumtuliza Mussolini. Don Sturzo hakulipenda jambo hilo. Lakini wakubwa wa Eklezya walitaka amani na serikali, naye akashurutishwa: Julai 1923 akaacha uongozi wa chama, na Oktoba 1924 akaenda London. Hakurudi kwao mpaka 1946. Mwaka huohuo wa 1924, tarehe 30 Mei, mjumbe Matteotti alisimama bungeni akashitaki udanganyifu na mapigo ya wakati wa uchaguzi. Siku 11 baadaye akauawa. Wajumbe wenzake walifanya nini? Walitoka bungeni kwa hasira, wakangoja mfalme aseme neno. Mfalme hakusema neno.

Katika Ujerumani mambo yalikwenda polepole zaidi. Uchaguzi wa Mei 1928 ulimpa Hitler kura 2.6 tu katika kila mia. Kisha ikaja taabu kubwa ya fedha ya mwaka wa 1929. Kufika 1932 watu kama milioni 6 walikuwa hawana kazi, na Julai mwaka huo Hitler akapata kura 37 katika kila mia. Novemba zilishuka zikawa 33. Tuangalie vema hapo: nguvu zake zilikuwa zikipungua, ndipo wakubwa walipomwita. Von Papen, aliyekuwa zamani mtu wa chama cha Wakatoliki, alimshauri mzee Hindenburg amweke Hitler mkuu wa serikali kati ya mawaziri wengi wasio wa chama chake, eti watamshika mkono. Hiyo ilikuwa tarehe 30 Januari 1933. Usiku wa 27 Februari nyumba ya bunge iliungua, na kesho yake sheria za uhuru zikasimamishwa.

Ilibaki sheria moja ya kumpa Hitler ruhusa ya kutunga sheria bila bunge. Ilitaka theluthi mbili za kura. Wakomunisti walikuwa wamekamatwa au wamekimbia. Macho yote yakageukia chama cha Wakatoliki, Zentrum, na mwenyekiti wake Ludwig Kaas, padri wa jimbo la Trier, mtu mwenye elimu kubwa ya sheria za Eklezya. Hitler alimwahidi kwamba shule za Wakatoliki na haki za Eklezya hazitaguswa. Kaas aliomba ahadi hiyo iandikwe. Akaambiwa barua iko njiani. Wachache kati ya wenzake, naye Brüning mmojawapo, walitaka kukataa, lakini walihofia kugawanya chama, wakanyamaza. Hivi tarehe 23 Machi 1933, askari wa chama wakisimama kuzunguka ukumbi, kura za ndiyo zilikuwa 444, za hapana 94. Hizo 94 zote zilikuwa za wasoshalisti. Otto Wels alisema kwa niaba yao kwamba uhai na uhuru waweza kunyang'anywa, heshima siyo.

Barua haikufika.

Wengine humtetea Kaas wakisema kwamba, kwa hesabu, hata Zentrum peke yake ikikataa, Hitler angepata theluthi mbili za waliokuwamo. Hesabu ni ya kweli. Lakini yafikiri kwamba Wakatoliki wa Bavaria na vyama vidogo wangesema ndiyo hata wakiona Zentrum ikisimama imara, nasi hatusadiki hivyo. Siku tano baadaye maaskofu wa Ujerumani waliondoa makatazo waliyokuwa wameyatoa juu ya chama cha Hitler. Tarehe 5 Julai Zentrum ikajivunja yenyewe. Tarehe 20 Julai Konkordati ikatiwa sahihi Roma. Papa Pius XI aliingoja miaka minne serikali hiyo iishike ahadi yake, kisha akaandika kwa Kijerumani barua Mit brennender Sorge, iliyoingizwa kwa siri na kusomwa makanisani Dominika ya Matawi, 21 Machi 1937. Wakati huo hakikuwako tena chama wala bunge la kuitikia.

Mwezi uleule Ubelgiji ulikuwa katika jaribu lake. Kijana Mkatoliki, Léon Degrelle, alikuwa ameanzisha chama cha Rex, jina alilolitoa katika neno Christus Rex. Mwaka wa 1936 alipata wajumbe 21. Sasa aligombea kiti kimoja cha Bruxelles. Vyama vyote, Wakatoliki, waliberali, wasoshalisti, hata wakomunisti, vikamwacha mtu mmoja ashindane naye: waziri mkuu Van Zeeland. Siku mbili kabla ya kura Kardinali Van Roey alitangaza kwamba Rex ni hatari kwa nchi na kwa Eklezya. Tena kwamba kukaa kimya na kutopiga kura si njia ya halali. Tarehe 11 Aprili 1937 Van Zeeland alipata kura 76 katika kila mia, Degrelle 19. Mwaka wa 1939 Rex ilibaki na wajumbe 4. Wabelgiji hawakuwa watakatifu kuliko Wajerumani. Walikubaliana kwa wakati, basi.

Mataifa makubwa ya demokrasi hayakufanya hivyo kati yao. Twaelewa hofu yao: Ufaransa peke yake ulizika watu zaidi ya milioni katika vita ya kwanza. Lakini huko Munich, Septemba 1938, waliikata nchi ya Chekoslovakia bila kumweka mwenyewe mezani, na Machi 1939 Hitler alikuwa Prague.

Sisi Waafrika hatuwezi kuanza hesabu na Munich. Tarehe 3 Oktoba 1935 Mussolini aliingia Uhabeshi. Chama cha Mataifa kikaamua kuiadhibu Italia kwa kuinyima bidhaa, lakini petroli haikutiwa katika orodha, wala mfereji wa Suez haukufungwa. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie mwenyewe alisimama Genève kuwaonya. Julai adhabu zikaondolewa.

Miaka mitano baadaye, askari wa Force Publique walitoka Kongo, wakavuka Sudani, wakapanda milima ya Uhabeshi. Tarehe 3 Julai 1941, huko Saio, Jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert. Askari wetu wengi na wapagazi wao walikufa kwa magonjwa kuliko kwa risasi, wakazikwa huko.