Dona, Kunde na Mtindi: Namna Mlo wa Kila Siku Unavyowalinda Bakteria Rafiki wa Utumbo

Wananchi wengi wanapolisikia neno bakteria hukumbuka kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Kumbukumbu hiyo ina msingi, kwa kuwa magonjwa hayo bado yapo na yanaua. Hata hivyo, sehemu kubwa ya bakteria wanaoishi ndani ya mwili wa binadamu si adui. Makadirio ya kisayansi yaliyochapishwa mwaka 2016 yanaonesha kuwa mwanamume mwenye uzito wa kilo 70 hubeba bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya seli zake mwenyewe, na karibu wote wamo katika utumbo mpana.

Bakteria hao wana kazi. Chakula anachokula mtu humeng'enywa kwa kiasi kikubwa tumboni na katika utumbo mwembamba, lakini ipo sehemu ambayo mwili wa binadamu hauna uwezo wa kuivunja. Sehemu hiyo ni makapimlo, yaani nyuzinyuzi zilizomo katika nafaka zisizokobolewa, mikunde, mbogamboga na matunda. Makapimlo yanapofika katika utumbo mpana, bakteria huyachachusha na kuzalisha asidi nyepesi za mafuta, ikiwemo inayoitwa butirati. Seli zinazoujenga ukuta wa utumbo mpana hutumia butirati kama chakula chao kikuu. Ukuta ukilishwa vizuri hubaki imara, na uchafu wa utumboni hauvuji kuingia katika damu. Aidha, bakteria hao hutengeneza baadhi ya vitamini, huzoesha kinga ya mwili kutofautisha rafiki na adui, na hujaza nafasi ambayo vimelea vya magonjwa vingeikalia.

Mambo hubadilika pale makapimlo yanapokosekana. Baadhi ya bakteria hugeukia ute unaoufunika na kuulinda ukuta wa utumbo, wakaula huo. Aina zinazotegemea makapimlo hupungua, na kadiri aina zinavyopungua ndivyo utumbo unavyokuwa dhaifu mbele ya maradhi. Upungufu wa aina mbalimbali za bakteria umehusishwa na unene uliopitiliza, kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya uvimbe wa utumbo, ingawa wataalamu bado wanachunguza ni kipi kinachosababisha kingine.

Tanzania ina nafasi ya pekee katika elimu hii. Jamii ya Wahadzabe waishio jirani na Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao bado wanategemea mizizi ya porini, ubuyu, matunda ya msituni, asali na nyama ya kuwinda, ni miongoni mwa watu ambao bakteria wao wa utumbo wamechunguzwa kwa kina zaidi duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha Wahadzabe 27 na wakazi 16 wa mji wa Bologna nchini Italia, na ukabaini kuwa Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, uliotumia sampuli 350 kutoka kwa Wahadzabe 188, ulibaini jambo la kuvutia zaidi: bakteria hao hubadilika kwa majira. Zipo aina zinazofifia msimu mmoja kiasi cha kutoonekana, kisha zikarejea chakula chake kinaporejea. Funzo lililomo humo si kwamba mkazi wa Kinondoni au Nyamagana aende kuchimba mizizi porini. Ni kwamba bakteria wa utumbo hufuata sahani, na huifuata kwa haraka.

Ushahidi wa karibu zaidi ulitoka mkoani Kilimanjaro. Mwezi Aprili 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa na wataalamu wa KCMC wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, ukiwahusisha vijana wa kiume 77 wenye afya njema kutoka vijijini na mjini. Vijana wa vijijini waliozoea mlo wa asili walipewa kwa wiki mbili vyakula vya mtindo wa kimagharibi, vilivyosindikwa kwa wingi na vyenye nishati nyingi. Vijana wa mjini wakapewa mlo wa asili wenye mboga, matunda, mikunde, nafaka kamili na vyakula vilivyochachushwa. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja.

Wiki mbili zilitosha. Waliohamia vyakula vilivyosindikwa walionesha ongezeko la viashiria vya uvimbe katika damu, na chembe zao za kinga zikawa hafifu katika kukabiliana na vimelea. Waliohamia mlo wa asili, pamoja na wale waliokunywa mbege, viashiria hivyo vilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Ni vyema kuusoma utafiti huo kwa uangalifu: ulikuwa wa muda mfupi, haukuwahusisha wanawake, na mbege ni kinywaji chenye kilevi, hivyo matokeo yake hayawezi kuchukuliwa kuwa ruhusa ya kunywa pombe. Kilichotazamwa ni uchachushaji wa ndizi na ulezi, na uchachushaji huo una njia nyingine zisizo na kilevi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza kuwa kila mtu mwenye umri wa miaka 10 na kuendelea apate angalau gramu 25 za makapimlo kwa siku kutoka katika vyakula vyenyewe, pamoja na gramu 400 za mbogamboga na matunda. Kiasi hicho si kigumu kufikiwa katika kaya ya Kitanzania. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa pekee huleta takriban nusu yake. Kunde, choroko, mbaazi, njegere na dengu ziko katika daraja hilo hilo. Mchicha, matembele, kisamvu na mlenda huongeza, na matunda kama pera, embe, ubuyu na parachichi hukamilisha. Jambo la kuzingatia ni kubadilisha: maharage leo, choroko kesho, mbaazi keshokutwa. Kila aina ya chakula hulisha aina yake ya bakteria, na kaya inayokula ugali na mboga ileile mwaka mzima huwashibisha wachache na kuwaacha wengine na njaa.

Wapo wanaoziepuka kunde kwa sababu ya gesi. Gesi hiyo ni zao la bakteria wakiwa kazini, na hupungua utumbo unapozoea. Kuziloweka usiku kucha, kuyamwaga maji ya kulowekea, kuzipika hadi zilainike kabisa na kuanza na kiasi kidogo husaidia. Kuongeza makapimlo ghafla bila kunywa maji ya kutosha huleta kuvimbiwa, na ndipo wengi hukata tamaa katika wiki ya kwanza.

Suala la unga linahitaji maelezo ya ziada. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe, pumba na kiini huondolewa, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya makapimlo, vitamini na madini. Kwa sababu hiyo dona ina manufaa zaidi kwa utumbo. Lakini dona haichagui: hubeba kila kilichomo katika punje, ikiwemo sumukuvu, ambayo haiondolewi na upishi wa kawaida wa nyumbani. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo anayesaga dona anapaswa kuhakikisha mahindi yamekaushwa vizuri, hayakuanikwa juu ya ardhi tupu, yamehifadhiwa mahali pakavu na penye hewa, na punje zilizovunda, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu zimechambuliwa na kutupwa. Hapaswi kuwapa mifugo punje hizo, kwa kuwa sumu hiyo hupita hadi katika maziwa. Mtama, ulezi na uwele ni nafaka nyingine zinazoweza kusagwa bila kukobolewa, nazo zinahitaji uangalifu huohuo wa kukausha na kuhifadhi.

Kiporo nacho, chakula kinachodharauliwa na wengi, kina sifa yake. Viazi, wali au ugali ukipoa, sehemu ya wanga wake hubadilika kuwa wanga sugu usiomeng'enywa haraka, nao hufika katika utumbo mpana ukiwa chakula cha bakteria. Sifa hiyo haiondoi masharti ya usalama. Chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Kipozwe upesi, kihifadhiwe kwenye jokofu na kipashwe moto hadi kitoe mvuke kabla ya kuliwa. Kwa kaya isiyo na jokofu, hasa katika joto la Pwani, ni salama zaidi kupika kiasi kinachokwisha.

Katika vyakula vilivyochachushwa, mtindi na togwa ndivyo vilivyo karibu na wananchi wengi. Togwa hutengenezwa kwa kupika uji wa mahindi, mtama au ulezi, kuuacha upoe, kisha kuongeza kimea na kuuacha uchachuke. Bakteria wa asidi ya laktiki wanapoongezeka, uchachu wao huzuia vimelea vingi vya kuhara kukua. Watafiti waliowachunguza watoto wadogo wa Kitanzania katika miaka ya 1990 walibaini kuwa waliolishwa uji uliochachushwa walikuwa na vimelea vichache vya kuhara katika vinyesi vyao kuliko waliokula uji usiochachushwa. Mtindi hutoa faida inayofanana, mradi maziwa yachemshwe kwanza, yapozwe, ndipo yatiwe kimeleshi au mtindi wa awali. Maziwa mabichi yaliyoganda yenyewe yanaweza kuwa na vimelea vya ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, maarufu kama brusela, na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu peke yake hautoshi kuviua vyote. Mtindi wa viwandani uliotiwa sukari nyingi unastahili kuhesabiwa katika vitafunwa vitamu.

Yote hayo yanaweza kuvurugwa na kidonge kimoja kilichomezwa bila sababu. Antibayotiki hazibagui: zinapoua vimelea vya ugonjwa, huua pia bakteria rafiki, na utumbo unaweza kuchukua wiki hadi miezi kurejea ulivyokuwa. Pamoja na hayo, bado ipo tabia ya kuingia duka la dawa na kununua vidonge vichache vya amoksisilini kwa ajili ya mafua, au metronidazoli kila tumbo linaponguruma. Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haiviui. Kuhara kwingi, hasa kwa watoto, hutibiwa kwa maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki. Dawa zinazotumiwa ovyo hubakiza utumboni bakteria wenye usugu, ambao huweza kuwarithisha wengine usugu huo. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 pekee, maambukizi ya bakteria sugu yalisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na ndiyo maana Serikali inatekeleza Mpango Kazi wa Kitaifa wa kupambana na Usugu wa Vimelea dhidi ya Dawa (UVIDA), wa kwanza ukiwa wa mwaka 2017 hadi 2022 na wa pili wa 2023 hadi 2028. Mgonjwa aliyeandikiwa antibayotiki na mtaalamu, kwa upande wake, hapaswi kuiacha kwa kuhofia bakteria rafiki. Aitumie kama alivyoelekezwa.

Tahadhari hiyo inazihusu pia dawa zinazouzwa mitaani na mitandaoni kwa madai ya kusafisha tumbo na kutoa sumu. Utumbo wenye afya hujisafisha wenyewe. Kuharisha kwa makusudi huondoa maji, chumvi na bakteria walewale wanaohitajika.

Kwa mtoto mchanga, safari ya bakteria huanza wakati wa kuzaliwa na huendelea kwenye titi. Maziwa ya mama yana aina ya sukari ambayo mtoto mwenyewe haimeng'enyi. Kazi yake ni kulisha bakteria wenye manufaa katika utumbo wake. Maziwa ya mwanzo yenye rangi ya njano, ambayo katika baadhi ya maeneo bado humwagwa kwa kudhaniwa kuwa machafu, yanapaswa kunyonywa ndani ya saa moja baada ya kujifungua, na mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita, bila maji wala uji. Hapa suala la utumbo hugusa takwimu za Taifa: kwa mujibu wa Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Sehemu ya tatizo hilo ni chakula kisichotosha, na sehemu nyingine ni utumbo unaojeruhiwa mara kwa mara na vimelea vya kinyesi, ukashindwa kufyonza hata kile kilicholiwa. Kwa hiyo kuwathamini bakteria rafiki si hoja ya kulegeza usafi. Choo bora, maji yaliyochemshwa au kutibiwa, na kunawa mikono kwa sabuni hubaki pale pale.

Usingizi wa kutosha na mazoezi vina mchango pia. Kutembea kwa haraka kwa dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa watu wazima, huchochea mwendo wa utumbo na kupunguza kufunga choo.

Mwananchi anayeona damu katika choo, anayepungua uzito bila sababu, mwenye homa inayoambatana na kuhara, au ambaye mwenendo wake wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa, anashauriwa kufika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kwa uchunguzi kabla ya kubadilisha chochote katika mlo wake. Mtoto mdogo anayeharisha apewe ORS mara moja, aendelee kunyonya, na apelekwe kituoni siku hiyohiyo iwapo macho yamebonyea, analegea au hawezi kunywa.