Wayo Unaolala Si Wayo Mgonjwa

Mtu akikanyaga sakafu kwa mguu uliolowa, akaona alama imejaa bila ile nafasi ya katikati, huambiwa upesi kwamba nyayo zake ni bapa na zinahitaji kurekebishwa. Hukumu hiyo hutolewa kwa kuutazama wayo uliosimama, ilhali kazi yake kubwa ni kutembea. Wayo hauwezi kueleweka ukitengwa na muundi ulio juu yake. Viwili hivi hushirikiana katika kila hatua, na kule kulala kwa wayo kuelekea ndani, ambako wengi hukuogopa, ni sehemu ya lazima ya ushirikiano huo.

Tuifuate hatua moja. Kisigino hutangulia kugusa chini, na papo hapo misuli ya mbele ya muundi huushusha wayo taratibu ili usipige kwa kishindo. Wayo hulala kidogo kuelekea ndani, tao lake hushuka na viungo vyake hulegea. Ulegevu huo hupunguza mshtuko na kuiwezesha mifupa yake 26 kufuata umbo la ardhi, iwe mchanga au kokoto. Wakati huohuo muundi nao huzunguka kidogo kuelekea ndani. Mwili unapopita juu ya wayo, mambo hugeuka: muundi huzunguka kuelekea nje, tao hupanda na wayo hukaza. Misuli ya shavu la mguu huuzuia muundi usielemee mbele kwa kasi, huku kano nene ya nyuma ya kisigino ikivutika na kuhifadhi nguvu, ambayo huachiliwa kisigino kinapoinuka. Takriban asilimia 60 ya muda wa hatua wayo huwa chini. Muda uliobaki mguu huwa hewani, na vidole huinuka juu ya ardhi kwa sentimita moja au mbili tu. Kwa hiyo wayo mmoja hutakiwa kuwa laini na mgumu ndani ya chini ya sekunde moja. Usiolala kabisa ungeshindwa kazi ya kwanza, na usioinuka ungeshindwa ya pili.

Ushahidi wa uhusiano huu kila msomaji anao mwilini. Simama pekupeku, tuliza nyayo chini, kisha geuza mwili kulia kuanzia nyonga bila kuinua mguu. Tao la wayo wa kulia litapanda na la kushoto litashuka. Ni kwa sababu kiungo kilicho chini ya kifundo, kati ya mfupa wa kisigino na ule unaoukalia, kina mhimili ulioinama mshazari. Muundi ukizunguka, wayo hauna budi kuitikia. Sasa mwombe mwenzako akuinue kidole gumba cha mguu ukiwa umesimama: tao litapanda lenyewe. Mwaka 1954 mtaalamu J. H. Hicks alieleza kwamba utando mgumu wa chini ya wayo huvutwa kidole kinapokunjuka, kama kamba ya ndoo inavyojizungusha kwenye gogo la kisima, ukakivuta kisigino karibu na vidole.

Yupo atakayepinga kwamba uhusiano huu haulingani kwa watu wote. Ni kweli. Watafiti waliopachika pini kwenye mifupa ya watu waliojitolea waliona kwamba kiasi cha muundi kuzunguka hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Lakini tofauti hiyo inaipa hoja yangu nguvu: kama hakuna kipimo kimoja kwa wote, alama ya sakafuni haiwezi kutosha kumtangaza mtu mgonjwa. Watoto wengi wadogo wana nyayo bapa, na tao hujitokeza kadiri wanavyokua. Kwa upande mwingine, mtu ambaye ukoma au jeraha limeharibu mshipa wa fahamu unaopita kando ya goti anaweza kuwa na tao zuri akisimama, lakini akitembea wayo huning'inia, na hulazimika kuinua goti juu ili vidole visikokote. Ubovu wake hauonekani mpaka apige hatua.

Hatari zipo, na sizipuuzi. Maumivu ya kudumu, ganzi, wayo mkakamavu, au tao la mguu mmoja linaloporomoka ukubwani ni sababu za kwenda hospitali bila kuchelewa. Ila hata huko, mgonjwa ana haki ya kuomba atazamwe akitembea na akisimama kwa vidole, si akiwa amelala kitandani tu. Tao likijitokeza anapochuchumia, wayo huo bado unajua kukaza. Asiye na maumivu, na ambaye wayo wake hulala kisha ukainuka kwa wakati wake, hana sababu ya kununua soli za kurekebisha nyayo.